Nimepiga ejingi plaiwudi yangu mara tatu, na mzee wa Ndeeba alianza kwa kukataa hela yangu

Jamani niliahidi kuandika hii kitu tangu mwezi uliopita, leo watoto wamelala mapema na umeme upo, kwa hiyo wacha niitoe yote, mnisamehe ikiwa ndefu. Ni riviu ya huduma ya kupiga ejingi kwa mashine, pale Ndeeba hapa Kampala, kwa mzee mmoja mwenye karakana ndani ndani kule nyuma ya wauza mbao. Nampa nyota nne kati ya tano, na ile moja aliyoikosa nitawaambia kaikosea wapi.

Kwa ambaye neno halimjii haraka, ejingi ni ule mkanda mwembamba unaobandikwa kwenye ukingo wa ubao, pale palipopita msumeno, ili matabaka ya plaiwudi yasionekane yamejipanga kama chapati za jana, na maji nayo yasipate mlango wa kuingilia. Kabati likishakamilika huuoni kabisa, mpaka siku ubanduke, hapo sasa kila anayeingia jikoni anauona huo tu.

Mi si fundi. Nauza vitenge, kwetu ni Mwanza, nimeolewa huku na tunakaa Zana, barabara ya Entebbe. Tulipomaliza nyumba nikasema kabati za jiko nitatengenezesha za plaiwudi, chipbodi, zile bodi za vipande vidogo vya mbao vilivyogandamizwa na gundi, sitaki tena, manake kwenye nyumba ya kupanga tulikuwa na kabati za zile bodi nyeupe za melamini zinazouzwa futi 9 kwa 6, bomba la sinki likavuja siku mbili tu tukiwa msibani, kurudi ubao umevimba kama andazi na haukunywea tena. Plaiwudi ikilowa kidogo ikakauka bado ina uhai. Nikanunua za milimita 18, futi 8 kwa 4, za hapa hapa Uganda, ndani ni mkaratusi, nzito vibaya mno. Ubaya wake nikaja kuujua baadae na ndo chanzo cha haya yote: plaiwudi ya bei yetu sisi ina mashimo ndani, yaani matabaka ya katikati hayajakutana vizuri, panabaki kijinafasi, na hukioni mpaka msumeno upite hapo hapo.

Nilianza na rafu ya vitabu ya watoto, hiyo nikasema nafanya mwenyewe kwa pasi. Kuna mkanda unauzwa umeshapakwa gundi kavu nyuma, ni kama karatasi ngumu ya melamini, unaulaza kwenye ukingo unapitisha pasi ya moto gundi inayeyuka inashika. Rahisi kuangalia. Mara ya kwanza nilisahau kuzima mvuke, ule mkanda ukajikunja kama jani la mgomba lililopita motoni. Nikarekebisha, nikaweka pasi kwenye kipimo cha pamba, bila mvuke, nikapitisha polepole, ukashika, nikafurahi, nikaenda kulala. Asubuhi nusu umeinuka. Kosa langu ni kwamba nilikuwa napitisha pasi naondoka. Gundi ya namna hii haishiki ikiwa ya moto, inashika wakati inapoa, kwa hiyo pasi ikipita inabidi ufuate nyuma yake na kipande cha ubao kilaini unasugua kwa nguvu mpaka pale mahali pawe vuguvugu. Nikarudia, safari hii ukakaa. Na hapo ndo nikagundua uzuri wa huu mkanda ambao sijaona mtu anausema, ukiinuka unarudisha pasi tu, gundi inayeyuka tena unasugua basi, huhitaji kununua kitu. Ile rafu ipo mpaka leo chumbani kwa watoto na nimeirudia kona mbili tu.

Ila msijaribu pasi ya mkaa. Umeme ulikatika nimebakiza rafu moja, nikaona uvivu kungoja, nikawasha ile pasi ya mkaa ya mamamkwe. Ile haina kipimo, huwezi kujua ni moto kiasi gani, nikaunguza mkanda ukawa kahawia, alafu majivu yakadondokea kwenye gundi. Kipande hicho nimekigeuzia ukutani.

Sasa kabati za jiko. Hizo niliona ni kazi kubwa, nikampa fundi wa barabarani, simtaji na wala sisemi ni mtaa gani, kijana mwenye heshima zake, ila kazi ndo hiyo. Alitumia mkanda wa plastiki, PVC, ule mwembamba kabisa, milimita 0.4, akabandika na gundi ya kontakti, ile ya njano inayonuka unayoiona kwa mafundi viatu. Hiyo gundi kwenyewe si mbaya jamani, ina masharti tu. Unapaka pande zote mbili, ubao na mkanda, unaacha dakika kumi na kitu mpaka ukigusa kwa kidole haishikamani na kidole, ndo unabandika, na ukishabandika umebandika, hakuna kusogeza. Na ukingo wa plaiwudi unakunywa gundi kama mchanga, manake matabaka yanapishana, moja limelala moja limekuangalia kwa kichwa, hayo ya kichwa ndo yanayonyonya, kwa hiyo ubao unatakiwa upakwe mara mbili, ya kwanza inyonywe, ya pili ndo ishike. Kijana alipaka mara moja tena ubao tu, akabandika ikiwa mbichi, akagonga na nyundo iliyofungwa kitambaa. Nilikuwepo, nikaona inang'aa, nikasema asante, nikalipa na soda juu.

Miezi minne. Wa kwanza kufunguka ulikuwa mlango wa karibu na jiko, ukafuata wa chini ya sinki, alafu ikawa kama wameambiana. Na pale ambapo haukubanduka ukawa na vishimo, yaani unaona kabisa mkanda umebonyea kufuata lile shimo la ndani ya plaiwudi, fagio likigusa hapo unapasuka. Mkanda mwembamba ukipasuka ni kiwembe, mwanangu wa mwisho alikwaruzwa mkono akapiga kelele nyumba nzima ikajaa majirani.

Nikafungua milango yote 11 na rafu 6 za kati, nikapakia kwenye pikapu, shilingi elfu 30 za Uganda kutoka Zana, tukapita Kibuye mpaka Ndeeba. Wanaopajua wanajua, barabara ya Masaka, ukifika pua inakuambia kabla ya macho, mbao mbichi, gundi, vumbi la msumeno, mtu anabeba bodi kichwani anapita katikati ya boda na hakuna anayegongana. Nilielekezwa kwa huyu mzee na dada mmoja mteja wangu wa vitenge. Nikamkuta kakaa kwenye kigoda anakunywa chai, nikamsalimia kwa Kiganda changu cha kubahatisha, akanisikia lafudhi, akanijibu Kiswahili, kile cha kambini wanachoongea wazee wa huku waliopitia jeshi, kifupi kifupi kama amri.

Akachukua mlango mmoja. Hakuangalia uso wake wala rangi. Akaugeuza ubavu, akabandua mkanda uliobaki kwa vidole viwili, ukatoka wote kama ganda la ndizi, akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo taratibu kutoka juu mpaka chini, akasimama katikati. Akatoa njiti ya kiberiti mfukoni akaisukuma kwenye shimo. Ikaingia nusu nzima. Akaniangalia.

"Nnyabo," yaani mama kwa Kiganda, "hapa unataka nibandike nini? Hewa?"

Nikamwambia mzee wangu we bandika tu, mashine si ina nguvu. Akasema hapana. Akaleta skweya, kile kipimo cha pembe, akaiweka kwenye ukingo, mwanga unapita chini yake, yule kijana alikata na msumeno wa mkono wa umeme bila kuongozea kitu, ukingo umelala kama mtu anaegemea mlango. Akasema, "Mimi nakataa. Hii kazi itarudi. Ikirudi, watu hawatasema ni ya nani, watasema ni ya mimi." Akarudi kwenye chai yake. Kusema ukweli nilikasirika, nimelipa pikapu, jua kali, na mtu anakataa hela.

Nilivyokaa kidogo hasira ikashuka nikauliza sasa tufanyeje. Akaeleza, na hapa ndo nilipojifunza kuliko sehemu yoyote. Gundi ya mashine ni ya punje, inayeyushwa kwenye chungu chake mpaka nyuzi 180, 200 huko, inapakwa na rola, na haishiki juu ya mabaki ya kontakti, inataka mti msafi. Kwa hiyo ukingo wote wa zamani lazima ukatwe. Nikasema mzee ukikata milango itakuwa midogo, itaacha mianya kama meno ya mtoto. Akachukua chaki akaandika pale pale kwenye meza ya msumeno: mlango wangu ulikuwa na upana wa milimita 397. Anakata 3 kila upande, unabaki 391. Anaweka mkanda mnene wa milimita 2 kila upande, unarudi 395. Nimepoteza milimita 2 tu kwa mlango mzima. Nilibaki nimeduwaa, nimeuza vitambaa kwa mita miaka yote na hesabu hiyo haikunijia.

Hapo hapo wengine mnaotengenezesha vipya mshike hii. Mkanda mnene unaongeza kipimo. Ukitaka mlango wa 397 na unaweka wa milimita 2 pande mbili, ubao ukatwe 393. Na kuna mashine nyingine ambazo kwa mbele zina kisu cha kulainisha ukingo kabla ya gundi, hizo zinakula kidogo tena, kwa hiyo uliza kabla hujakata, usiulize baada. Nimesikia mtu kakata kabati zima kwa kipimo kamili, milango ikagombana katikati ikabidi kuanza upya.

Bado nilikuwa sijamuamini kabisa. Nikamuomba kabla hajagusa milango yangu anipigie ejingi kwenye kipande kibovu cha plaiwudi hiyo hiyo niende nacho nyumbani. Alicheka lakini akakubali, na nikamuomba upande mmoja azibe shimo kwanza, upande wa pili aache shimo lilivyo. Vijana wake wanaziba kwa unga wa msumeno waliouchanganya na gundi nyeupe, wanausukuma ndani na kisu kipana, unakauka, wanapiga msasa. Kikapita kwenye mashine. Hiyo mashine ina urefu wa karibu kama teksi za huku za watu 14, ubao unaingia kichwa, rola inapaka gundi, mkanda unakutana nao, marola yanabana, kuna kimsumeno kinakata ncha ya mbele na ya nyuma, visu viwili vinapunguza juu na chini, vyembe vinakwangua, mwisho magurudumu ya kitambaa yanasugua. Sekunde chache tu. Kipande kikatoka kona zimeviringwa kidogo, unapitisha mkono ni laini, na hapo nikamkumbuka mwanangu na ule mkanda wa kiwembe.

Jumapili nikafanya mtihani wangu. Mnajua tunavyopika matooke huku, ndizi zimefungwa kwenye majani ya mgomba, sufuria kubwa, moto wa taratibu, mvuke unapanda saa nyingi. Ule mvuke ndo adui wa kabati zangu, manake jiko liko pembeni yake. Basi nikachukua vipande vitatu, kimoja nilichokipiga pasi mwenyewe, kimoja cha yule kijana wa kontakti nilichokuwa nacho, na kile cha mzee, nikavipanga kwenye ukingo wa sufuria pale mvuke unapotokea. Mamamkwe akaingia. Akaangalia sufuria, akaangalia mbao, akaniangalia mimi. Akauliza, "Hizo nazo tunakula na karanga?" Nikamwambia mama ni mtihani. Akaenda kumuita mume wangu aje aone mke aliyemleta kutoka Mwanza.

Matooke yalivyoiva nikavitoa. Cha pasi mkanda ulikuwa umeshajiachia wenyewe, unaning'inia. Cha kontakti kilionekana kizima, ila nikisukuma na kidole gumba unateleza, gundi imekuwa kama utomvu. Cha mzee, upande uliozibwa, nilijaribu kuingiza ukucha nikashindwa. Upande wenye shimo ndo umefunguka, na si wote, umefunguka pale pale juu ya shimo tu, kimdomo kirefu kama sentimita tatu, kushoto na kulia kwake umeshika. Mkanda ule ule, mashine ile ile, gundi ile ile. Nikampigia picha, nikampelekea mzee Jumatatu. Hakusema kitu. Akaonyesha wale vijana wake kisha akarudi kwenye kigoda.

Baadae nilimenya na ule upande mzuri kwa bisibisi, kwa nguvu kabisa, ukatoka na nyuzi za mti zimeng'ang'ania nyuma ya mkanda. Mzee anasema hivo ndo unavyojua gundi imeshika, mkanda ukitoka na mti. Ukitoka msafi umedanganywa.

Basi nikamwachia kazi. Bei niliyolipa mimi: ejingi shilingi 1,500 kwa mita, mkanda wa kwake. Milango 11 yenye mzunguko wa mita 2.2, na rafu 6 upande wa mbele tu wa sentimita 80, jumla mita 29, ikaja 43,500. Kukata milango upya elfu 2 kila mmoja, 22,000, rafu hakunitoza. Kuziba mashimo hakunitoza. Jumla 65,500. Kwa yule kijana wa kwanza hela kama hiyo ilikuwa ya gundi na soda tu, lakini hayo yameshapita.

Alitaka kujua mkanda wa unene gani wapi, na ushauri wake nauweka hapa kwa sababu alikuwa anaweza kuniuzia mnene kila mahali na hakufanya hivo. Milango na mbele ya droo, penye mikono na magoti, milimita 2. Rafu za ndani ambazo hakuna anayezigonga, 1 inatosha. Ule wa 0.4 uwekwe nyuma na sehemu za kufichwa, uzibe tu. Upana nao uwe mkubwa kuliko ubao, plaiwudi ya 18 inataka mkanda wa 22 hivi, ziada inakatwa na visu. Na plaiwudi ya 18 ukiipima mara nyingi si 18, yangu ilisoma 17 na kitu, tena si sawa kila mahali, ndo maana mtu akikuletea mkanda uliokatwa sawasawa na 18 mkimbie.

Kuna gundi nyingine nimemuuliza, ile ya PUR wanayosema inavumilia maji na moto kuliko hii ya punje ya kawaida. Akasema anaijua ila hataki, manake inakomaa kwa unyevu wa hewani, ukiiacha kwenye chungu umelala nayo asubuhi imekuwa jiwe, na kwa umeme wetu huu akikatiwa katikati ya kazi ameumia. Nikamuelewa, kwa sababu ilinikuta na hii hii ya kawaida. Siku ya kuchukua, milango mitatu imebaki, umeme ukakatika. Jenereta lake linavuta msumeno na taa, chungu cha gundi halikiwezi. Tukakaa. Nikanunua rolex, ile chapati ya kuviringiwa mayai, ya mayai mawili, nikamnunulia na yeye, tukaongelea mbao za mvule na mugavu, jinsi zamani mtu alikuwa anaingia Ndeeba na hela kidogo anatoka na mbao za mvule za kitanda kizima. Umeme uliporudi bado inabidi kungoja chungu kipate moto tena, karibu saa nzima imekwenda. Mwingine angeingiza ubao gundi ikiwa nusu moto ili nimwondokee, huyu hakuingiza.

Pale pale uani kwake kuna fundi mmoja kutoka Kongo, tunaongea Kiswahili chake kitamu kile cha Bunia, yeye haamini PVC kabisa. Anakwambia plaiwudi ni mti, ivalishe mti. Anachana ufito wa mugavu wa milimita 8, anabandika kwa gundi nyeupe, anabana na klempu usiku mzima, kesho anapiga randa mpaka ukae sawa na uso. Nimemtengenezesha meza ya kusomea ya mkubwa wangu namna hiyo na ni nzuri jamani, ukigonga unagonga mti kweli, ukikwaruzika unapiga msasa. Kwa milango 11 lakini angenikalia wiki tatu. Wanaopenda rangi ya mti bila uzito wa kazi kuna mkanda wa vinia, ni mti wenyewe umechanwa kama karatasi, ila unataka vanishi juu yake la sivyo unaota uchafu, na mzee hana.

Ambayo yanamkosesha ile nyota. Kwanza muda. Aliniambia Alhamisi, nikaenda Alhamisi hata hajaanza, Ijumaa naambiwa njoo kesho, nikachukua Jumamosi, na Jumamosi pale ni kama sokoni siku ya Idi, kila fundi wa mjini kaleta bodi zake. Pili rangi, ana nyeupe, ana ile nyeusi ya wenge, ana kahawia mbili tatu, basi. Milango yangu nimeipaka kijani cha kukolea na nikalazimika kuchukua nyeusi, imetoka vizuri kwa bahati ila nilitaka kijani. Tatu hatoi risiti mpaka umkumbushe, na akiandika anaandika nyuma ya kipande cha msasa, ninacho mpaka leo. Mlango mmoja ulitoka na kona imechubuka, kile kimsumeno cha kukata ncha kiling'ata uso, akaupitisha tena bure lakini bila mimi kuuona asingesema. Na vumbi, mwenye pumu asikae kungojea, aache vitu aondoke.

Vipande vyembamba sana navyo haipitishi, kama mbele ya vidroo vya vijiko, marola hayana pa kushika, hivyo wanafanya kwa mkono na hapo ubora unategemea ni kijana gani umempata. Omba yule mrefu mwenye kofia ya Villa, ile timu ya mpira.

Sasa ni miezi mitano na mvua za masika zimepita katikati yake. Matooke yanapikwa kama kawaida. Milango yote 11 imeshika, nimepitisha ukucha kila mmoja kabla ya kukaa kuandika. Mlango wa chini ya sinki niliuongezea mwenyewe, sehemu ya juu ambako mkanda unakutana na mkanda kwenye kona, tone la silikoni nililolifuta kwa kidole, manake maji huanzia hapo kwenye viungo.

Mkienda, nendeni Jumatatu au Jumanne asubuhi. Pelekeni bodi zimeshawekwa alama ya penseli kwenye kila ukingo unaotaka mkanda, na unene wake, usiseme kwa mdomo, manake vijana wanapitisha walichokiona. Mkichelewa alama atawawekea yeye kwa chaki, na chaki yake ni nyekundu, kwenye plaiwudi mbichi haitoki.